Kuandaa na Kupeperusha Taarab Mubashara Wakati Wasanii Wako Miji Tofauti: Mwongozo kwa Vikundi vya Mombasa

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kikundi cha taarab, cha mashairi au cha maigizo chenye makao yake Mombasa, ambacho mmoja au wawili wa wasanii wake wanaishi Muscat, Nairobi au London, na ambacho kinataka kutoa onyesho la moja kwa moja mtandaoni bila kungoja hadi wote wakutane sikukuu. Vifaa vinavyohitajika vingi viko majumbani tayari: kompyuta ya wastani kila upande, simu mbili tatu, ruta ya faiba, maikrofoni na visikizi vya masikioni vyenye waya. Kinachokosekana mara nyingi ni uamuzi wa mapema kuhusu nani anapaswa kumsikia nani. Vikundi vingi huanza kwa kutafuta kamera nzuri na mapambo ya jukwaa, kisha hugundua usiku wa onyesho kwamba mwimbaji na mpiga dumbak hawakutani hata kidogo. Ndiyo maana hapa kamera inakuja mwishoni.

Hatua ya kwanza: Hesabu kuchelewa kwa sauti

Sauti hewani husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hivyo mlio wa dumbak humfikia mpiga udi aliyeketi mita tatu kutoka hapo baada ya milisekunde tisa hivi, na sikio halitambui tofauti yoyote. Wanamuziki wazoefu wanaweza kuendelea kupiga pamoja hata kuchelewa huko kukifika milisekunde 25 au 30. Kukipita hapo, kila mmoja huanza kumngoja mwenzake bila kujijua, mwendo hupungua ubeti baada ya ubeti, na wimbo ulioanza kwa uchangamfu huishia kujikokota.

Linganisha sasa na masafa yetu. Ndani ya nyuzi za faiba mwanga huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani kilomita 200 kwa kila milisekunde moja. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kilomita 480 hivi kwa barabara, kwa hivyo safari ya mwanga peke yake haizidi sana milisekunde mbili na nusu. Kebo ya TEAMS, iliyoanza kazi mwaka 2009 na inayopita chini ya bahari kutoka Mombasa hadi Fujairah, Falme za Kiarabu, ina urefu wa takriban kilomita 5,000, na hizo ni milisekunde 25 za kwenda tu kabla kompyuta haijafanya kazi yoyote. Juu ya hapo huongezeka muda wa kuikata sauti vipande na kuifunga: kodeki ya Opus, yaani mbinu ya kubana sauti ambayo vivinjari huitumia kusafirisha sauti, kwa kawaida hukusanya milisekunde 20 za sauti katika kila kifurushi, na kivinjari cha mpokeaji hujiwekea akiba ndogo ili vifurushi vinavyochelewa visiache mapengo. Ukijumlisha yote, mawasiliano ya kivinjari kwa kivinjari huchelewa kwa kiasi cha milisekunde 100 hadi 300. Hakuna bando wala kompyuta ya bei ghali itakayoondoa kuchelewa huku kote, kwa kuwa sehemu yake inatokana na mwendo wa mwanga wenyewe. Linalowezekana ni kupanga onyesho kwa kuzingatia hilo.

Hatua ya pili: Amua nani amsikie nani

Kama onyesho lenu ni la mashairi ya kujibizana, ngonjera au mchezo wa kuigiza wenye mazungumzo, kazi ni nyepesi. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, huhesabu kuchelewa kwa milisekunde 150 kwa upande mmoja kuwa kunakubalika katika mazungumzo ya kawaida, na malenga anayengoja mwenzake amalize ubeti hataona dosari hata kuchelewa kukizidi hapo kidogo. Waunganisheni wote katika chumba kimoja cha mtandaoni, kila mtu amsikie kila mtu, na muendelee na hatua ya tatu.

Kama wanamuziki wenyewe wako karibu, kwa mfano mmoja Nyali na mwingine Kilifi au hata Nairobi, na wote wana faiba iliyounganishwa kwa waya hadi kwenye kompyuta, wanaweza kujaribu kupiga pamoja kwa kutumia programu zilizotengenezwa kwa kazi hiyo hasa: Jamulus, SonoBus au JackTrip, ambayo chimbuko lake ni Chuo Kikuu cha Stanford. Programu hizi huacha baadhi ya ulinzi unaowekwa na vivinjari ili kuokoa milisekunde. Hazitafaa kwa bando la simu, na hata waifai ya nyumbani huzivuruga.

Hali ngumu, na ndiyo inayovikabili vikundi vyetu mara nyingi, ni ya wapigaji walioko Mombasa na mwimbaji aliyeko Ghuba au Ulaya. Hapo napendekeza mtindo wa mnyororo. Dumbak, bongo, kibodi na fidla hukaa chumba kimoja Mombasa na kupiga bila kumsikia mwimbaji. Muziki wao humfikia mwimbaji Muscat ukiwa umechelewa, tuseme robo ya sekunde, lakini kuchelewa huko hakumhusu, kwa sababu anaimba juu ya kile anachokisikia. Sauti yake na muziki huo huchanganywa palepale Muscat, na mchanganyiko huo ndio unaotumwa kwa watazamaji. Kanuni ya kushika ni kwamba uchanganyaji hufanywa mwisho wa mnyororo, hata kama mwenye kikundi na fundi mzoefu wako Mombasa. Mkichanganya Mombasa, sauti ya mwimbaji itakuwa imesafiri kwenda na kurudi, na akiba ya kivinjari, ambayo hupanuka na kupungua kadiri mtandao unavyobadilika, itaisogeza mbele na nyuma usiku kucha.

Mtindo huu una gharama yake, na si ndogo kwa muziki kama wetu. Katika taarab mpiga fidla hufuata pumzi ya mwimbaji, na mwimbaji akirefusha silabi moja kwa sababu ukumbi umeguswa, kikundi kizima humngoja. Katika mnyororo hilo haliwezekani. Kwa hivyo andikeni mpangilio wa kila wimbo kwenye karatasi: utangulizi wa ala unazunguka mara ngapi, kila ubeti una mizunguko mingapi, kiitikio kinarudiwa mara ngapi, kipande cha fidla kinaingia wapi, na mwisho unakuwaje. Kisha mwimbaji ajirekodi akiimba wimbo mzima kwenye mazoezi, na kiongozi wa kikundi aisikilize rekodi hiyo katika sikio moja wakati wa onyesho huku akiwaongoza wenzake kwa ishara za mkono. Kwa njia hiyo kikundi hupiga kwa kufuata pumzi ya mwimbaji kama ilivyokuwa kwenye mazoezi, na mwimbaji naye anapoimba usiku wa onyesho hukuta nafasi zake zimeachwa pale alipozizoea. Nyimbo zenye mwendo thabiti, kama za chakacha, hukubali mpangilio huu kwa urahisi zaidi kuliko zile zinazoanza kwa mwimbaji kuimba peke yake bila mapigo. Hizo za pili ni bora azianze mwenyewe bila kikundi, kisha kikundi kiingie kwa wimbo unaofuata.

Hatua ya tatu: Tayarisha chumba

Nyumba za Mji wa Kale zina kuta nene za mawe ya matumbawe zilizopigwa chokaa, na kuta hizo hurudisha sauti kwa nguvu. Tandikeni mazulia na mikeka, tundikeni mapazia mazito nyuma ya wapigaji, na kama kuna godoro la ziada lisimamisheni ukutani mkabala na dumbak. Feni ni tatizo la pekee katika joto letu: maikrofoni ya karibu huinasa kama mvumo usiokoma. Poozeni chumba kabla ya wakati, izimeni feni wimbo unapoanza, na mwashe tena katikati ya nyimbo wakati mshereheshaji anazungumza. Mkiamua kupiga juu ya paa, kumbukeni kwamba upepo wa kusi hauna huruma kwa maikrofoni isiyovikwa sponji.

Chagueni saa kwa makini. Baada ya sala ya isha, saa tatu usiku, ni wakati mzuri kwa Mombasa, kwani hakuna adhana itakayoingiliana na muziki na mitaa imeanza kutulia. Saa hiyo ni saa nne usiku Muscat na Dubai. London ni saa kumi na mbili jioni majira ya baridi na saa moja majira ya joto, na Toronto ni saa saba au saa nane mchana. Andikeni saa za miji hiyo yote kwenye tangazo lenu, pamoja na neno usiku, jioni au mchana.

Hatua ya nne: Unganisha wasanii kwa kivinjari

Teknolojia inayowezesha haya bila kusakinisha chochote kwenye simu ya msanii inaitwa WebRTC. Google iliitoa kwa umma mwaka 2011, na mwaka 2021 ikapitishwa rasmi na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, kuwa kiwango rasmi. Leo imo ndani ya Chrome, Firefox, Edge na Safari. Njia rahisi ya kuitumia kwa maonyesho ni VDO.Ninja, tovuti ya bure ambayo humpa kila msanii kiungo chake, na picha na sauti yake huingizwa moja kwa moja ndani ya OBS Studio, programu huria ya kuchanganyia na kupeperushia. Katika OBS ongezeni chanzo cha aina ya kivinjari, bandikeni kiungo cha kutazamia, na msanii ataonekana kama kamera nyingine yoyote.

Jambo moja lazima lirekebishwe kabla ya yote. Kivinjari hudhani kwamba mtu anayefungua maikrofoni anapiga simu, kwa hivyo huwasha vichujio vitatu: kinachoondoa mwangwi, kinachopunguza kelele na kinachopandisha au kushusha sauti chenyewe. Kwa mazungumzo hivyo ni msaada mkubwa, lakini kwa muziki ni maafa. Kichujio cha kelele huidhania ganuni kuwa mlio wa mashine na kuififisha, mapigo ya dumbak hukatwa ncha zake, na udi ukipigwa polepole hupandishwa ghafla hadi pumzi ya mpigaji isikike. Kwenye VDO.Ninja, ongezeni &proaudio mwishoni mwa kiungo cha mtumaji na cha mtazamaji ili vichujio vizimwe na sauti ipite kwa ubora wa juu. Mkishafanya hivyo, kila anayesikiliza lazima avae visikizi, kwa sababu hakuna tena kitakachozuia sauti ya spika kuingia kwenye maikrofoni na kuanza kuzunguka. Visikizi viwe vya waya. Vya Bluetooth huongeza kuchelewa kwao wenyewe, mara nyingi zaidi ya milisekunde 100, na mwimbaji akivivaa hesabu yote ya hatua ya kwanza inaharibika.

Zingatieni pia kwamba katika mfumo huu picha hutoka kwa msanii kwenda kwa kila mtazamaji mmoja mmoja. Watu watatu wakifungua kiungo cha kikundi cha Mombasa, ruta ya Mombasa inapakia mara tatu. Kiungo chenye picha kamili apewe fundi anayechanganya peke yake. Watazamaji wa kawaida hawahusiki hapa kabisa; wao watatazama kupitia YouTube au Facebook.

Simu inayotumika kama kamera au maikrofoni iwekwe katika hali ya ndege, kisha waifai iwashwe tena, ili simu ya shangazi anayeuliza kama onyesho limeanza isikate sauti ya wimbo. Chaja iwe imechomekwa tangu mwanzo.

Hatua ya tano: Pima kwa makofi

Kipimo hiki huchukua dakika chache, na sioni sababu ya kikundi chochote kukiruka. Upande wa Muscat, fundi afungue OBS, aingize kiungo cha Mombasa, na amsikilizishe mwimbaji kupitia OBS hiyohiyo. Asimfungulie mwimbaji kiungo kwenye kivinjari kingine au simu nyingine, kwa kuwa huo utakuwa muunganisho wa pili wenye kuchelewa kwake, na mwimbaji atakuwa akifuata muziki ambao si ule unaorekodiwa.

Kisha mtu mmoja Mombasa apige makofi kwa mwendo ulio sawa, na mwimbaji apige makofi pamoja naye kwa kufuata anachosikia masikioni. Rekodini nusu dakika, kila sauti katika njia yake, na mfungue rekodi hiyo kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti. Mtaona vilele viwili kwa kila kofi: kimoja cha Mombasa na kingine cha mwimbaji, kikiwa kimechelewa kidogo. Tofauti hiyo, ambayo inaweza kuwa milisekunde 60 au 90, inatokana na OBS na maikrofoni ya Muscat, wala haitoki baharini, kwa hivyo haibadiliki mtandao ukiyumba. Chukueni wastani wa makofi kadhaa, muingie katika mipangilio ya juu ya sauti ya OBS (Advanced Audio Properties), na muandike nambari hiyo yenye alama ya kutoa kwenye maikrofoni ya mwimbaji. Rudieni kipimo. Vilele vikikaribiana hadi tofauti isizidi milisekunde kumi, mmefaulu.

Ikiwa mwimbaji ana simu pekee na hana mtu wa kumsaidia, hamtakuwa na budi kuchanganya Mombasa. Pimeni kwa makofi safari nzima ya kwenda na kurudi, kisha mcheleweshe maikrofoni na kamera zote za Mombasa kwa kiasi hicho ndani ya OBS. Itafanya kazi, lakini lazima mtu mmoja akae na visikizi usiku wote, asifanye lingine ila kusikiliza kama sauti zimeanza kuachana, na kurekebisha nambari katikati ya nyimbo.

Hatua ya sita: Mtandao na stima

Kasi ya kupakia ndiyo inayohusika, na matangazo ya bando huzungumzia zaidi kasi ya kupakua. Pimeni kasi ya kupakia saa ileile ya onyesho, siku ya juma ileile, wakati jirani wote wako nyumbani. Msitumie zaidi ya nusu ya kasi mliyoipima: kama mmepata megabiti 6 kwa sekunde, onyesho lote lisizidi megabiti 3. Kompyuta iunganishwe na ruta kwa waya.

Stima ikikatika, kompyuta ya mkononi itaendelea lakini ruta itazimika, na pamoja nayo onyesho. Betri ndogo ya akiba inayotengenezwa kwa ajili ya ruta huishikilia kwa saa kadhaa. Wekeni pia simu yenye bando la kampuni nyingine, tayari kutoa mtandao kwa kompyuta, na mjaribu kuhamia huko wakati wa mazoezi. Hata hivyo zipo hitilafu zisizotatuliwa kwa kubadilisha kampuni: tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja kusini mwa pwani hii na mtandao ukazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Kwa ajili ya usiku kama huo, kuweni na rekodi ya mazoezi ya mwisho ambayo inaweza kuchezwa kwa watazamaji, mkiwaambia wazi kwamba ni rekodi.

Hatua ya saba: Peperusha kwa watazamaji

Upande huu ni mwepesi. Akaunti ya YouTube inayopeperusha kwa mara ya kwanza inaweza kuchukua hadi saa 24 kuruhusiwa, kwa hivyo ifungueni siku kadhaa kabla. Katika OBS chagueni picha ya 720p yenye fremu 30 kwa sekunde, kilobiti 2,500 kwa sekunde za picha, kilobiti 160 za sauti, na fremu kuu (keyframe) kila sekunde mbili. Kwa viwango hivyo mtatumia takriban gigabaiti 1.2 kwa saa moja. Mtandao ukidhoofika, punguzeni picha na muache sauti kama ilivyo. Mtazamaji wa taarab atavumilia sura yenye ukungu lakini hatavumilia fidla inayokatikakatika.

Mtazamaji hupokea onyesho sekunde kadhaa hadi nusu dakika baada ya tukio. Mshereheshaji akiuliza swali, majibu yatachelewa, na afadhali aanze kuzungumzia wimbo unaofuata badala ya kukaa kimya akiyangoja. Kutunza kunawezekana pia: wekeni nambari ya till ya M-Pesa pembeni mwa picha, na mshereheshaji asome majina ya wanaotunza walioridhia kutajwa.

Washeni kurekodi ndani ya OBS wakati huohuo, na faili liwe la aina ya MKV, kwa sababu kompyuta ikizimika ghafla faili hilo hubaki likifunguka, tofauti na MP4.

Ruhusa

Mtunzi wa mashairi na mtunzi wa muziki waombwe idhini kwa maandishi kabla ya mazoezi, hata kama ni jamaa. Mfumo wa YouTube hulinganisha muziki na rekodi zilizosajiliwa na unaweza kulikatiza onyesho katikati, na barua ya idhini ndiyo itakayowasaidia kulalamika.

Kuna maonyesho ambayo hayafai kupeperushwa. Shughuli za wanawake peke yao, kama kupamba, ambako wageni huvua buibui kwa kuaminiana kwamba hakuna kamera, ziachwe nje ya mtandao. Kiungo kilichofichwa cha YouTube hakitoshi kuwalinda, kwa kuwa yeyote aliyenacho anaweza kukisambaza, na picha ya skrini huchukuliwa kwa sekunde moja.

Usiku wenyewe

Saa mbili kabla, wasanii wote wawe wameunganishwa. Rudieni kipimo cha makofi, hata kama cha jana kilikuwa sawa, kwa sababu kubadilisha maikrofoni au kuchomoa waya mmoja hubadilisha nambari. Nusu saa kabla, anzeni kupeperusha picha tulivu yenye jina la onyesho na muziki wa chini, na mtu aliye nje ya nyumba, kwa bando lake mwenyewe, athibitishe kwa simu kwamba anaona na anasikia. Fundi wa Muscat na kiongozi wa Mombasa wawe na njia ya tatu ya kuwasiliana, ujumbe wa WhatsApp kwa simu nyingine, na wakubaliane maneno mafupi: "ngoja", "endelea", "rudia". Wimbo wa kwanza uwe ule mlioufanyia mazoezi zaidi ya mwingine wowote, na usiwe mrefu, ili mapema kabisa fundi ajue kama sauti zimekaa sawa na arekebishe mshereheshaji anapotoa salamu.

Onyesho likiisha, msizime kompyuta kabla faili la MKV halijafungwa na kunakiliwa kwenye diski nyingine. Kila msanii aliyejirekodi kwa simu yake atume rekodi hiyo usiku uleule, kwa sababu kutokana na rekodi hizo mnaweza baadaye kutengeneza toleo lililo safi zaidi, lisilo na pengo hata moja la mtandao, na kulipakia mahali pa lile lililokwenda mubashara.